Uongo wa "Mwili Umezoea"

Ingia jimu yoyote ya mtaani, iwe Mwananyamala, Kisauni au Kariobangi, umwambie kocha kwamba benchi lako limegoma: kilo 60 zimebaki kilo 60 tangu masika, kifua hakiongezeki, mkono haujazi shati. Jibu utalipata kabla hujamaliza kueleza. "Mwili umezoea. Badilisha." Kesho utapewa dambeli badala ya chuma kirefu, keshokutwa mashine ya kamba, na wiki ijayo zoezi ambalo kocha mwenyewe kaliona kwenye simu usiku uliopita. Sababu inayotolewa ni kwamba misuli lazima ishtuliwe, ichanganyikiwe, isijue inaletewa nini. Nasema wazi: ushauri huu si wa kweli, na ndio unaowaweka vijana wengi palepale mwaka baada ya mwaka huku wakiamini wanasonga mbele.

Msuli haukai ukasubiri kushangazwa. Unachokijua ni mkazo. Ukikazwa vya kutosha, hadi karibu na kikomo cha nguvu zake, kisha ukapata chakula na usingizi, nyuzi zake hunenepa ili mkazo huo usiulemee tena. Mkazo ukibaki uleule miezi sita, msuli nao unabaki ulivyo, kwa kuwa hauna sababu ya kuongezeka. Hapo kweli kuna kitu mwili umekizoea, ila kitu hicho ni uzito, wala si zoezi. Na aliyezoea uzito anahitaji kuongezewa uzito.

Wanaonipinga wana hoja moja yenye nguvu, na nitaijibu kwanza. Wanasema: mbona nikibadilisha zoezi naona matokeo? Ni kweli wanayaona. Kijana anaacha benchi la kawaida, anahamia dambeli kwenye benchi la kuinama. Wiki ya kwanza anamudu za kilo 14, wiki ya nne anapiga za kilo 18. Atakataaje kwamba amekua?

Jibu lilitolewa mwaka 1979 na watafiti wawili, Moritani na deVries, waliopima nguvu na shughuli za umeme kwenye misuli ya watu walioanza mazoezi. Walikuta kwamba nguvu inayoongezeka wiki za mwanzo inatokana zaidi na neva kuliko unene wa msuli. Ubongo unajifunza kuziamsha nyuzi nyingi kwa pamoja, misuli pinzani inaacha kuvutana, na mikono inajua njia ya kupita. Msuli wenyewe huchukua nafasi ya mbele baadaye, baada ya wiki kadhaa za kurudia kazi ileile. Sasa mwangalie kijana wetu. Kilo nne alizoziongeza kwenye dambeli ni somo ambalo neva zake zimelielewa. Somo likiisha, kwenye wiki ya sita hivi, ndipo zamu ya msuli inapofika, na ndipo namba zinapoanza kwenda polepole. Kocha anaona polepole ile, anasema mwili umezoea tena, analeta zoezi jingine. Kijana anarudishwa darasa la kwanza kila baada ya mwezi na nusu, akifurahia kila mara maendeleo ya mwanafunzi mpya. Ni mtu anayechimba visima vitano vya mita tatu kwenye kiwanja ambacho maji yako mita kumi na tano.

Jambo hili limepimwa moja kwa moja. Mwaka 2019 Felipe Damas na wenzake nchini Brazil waliwachukua wanaume 20 waliokwisha kuzoea vyuma, wakawafanyisha mazoezi ya miguu kwa wiki nane. Mguu mmoja ulipata mpango uleule kila siku. Mguu wa pili ulibadilishiwa kila siku ya zoezi: mara uzito, mara idadi ya seti, mara muda wa kupumzika, mara namna ya kukaza msuli. Mtu ni yuleyule, chakula kilekile, usingizi uleule, hivyo hakuna wa kusingizia kwamba huyu alikula zaidi ya yule. Mwisho misuli ya miguu yote miwili ilikuwa imekua sawasawa. Mguu uliochanganywa haukupata faida yoyote juu ya mwenzake. Katika utafiti mwingine uliotoka mwaka huohuo, kundi moja lilichaguliwa mazoezi kwa bahati nasibu na programu ya simu, na kundi la pili likabaki na mazoezi yasiyobadilika. Waliobahatishiwa hawakujenga misuli zaidi. Walichowazidi wenzao ni hamu ya kufanya mazoezi.

Na hilo la hamu nalikubali bila ubishi. Mtu akichoka na zoezi hadi anaanza kukwepa jimu, abadilishe. Bega likiuma kwa chuma kirefu, ahamie dambeli leo, asisubiri kesho. Tena misuli mikubwa kama ya paja ina sehemu kadhaa, na skwati peke yake haizifikii zote sawasawa, kwa hiyo kuwa na mazoezi mawili matatu ya msuli mmoja ndani ya wiki ni jambo la busara. Lakini hayo ni mazoezi mawili matatu yanayorudiwa kwa miezi. Kubadilisha kila Jumatatu ni kitu kingine kabisa.

Watazame wanyanyuaji vyuma wa Olimpiki. Tangu mtindo wa kusukuma ulipoondolewa baada ya Michezo ya Munich ya 1972, wanashindana kwa mitindo miwili tu: chuma kufika juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, au kwa mikupuo miwili. Mtoto anaianza mitindo hiyo akiwa na miaka kumi hivi, na anaendelea nayo hadi anastaafu. Naim Süleymanoğlu, aliyelelewa kwenye mfumo wa kocha Ivan Abadjiev wa Bulgaria kabla ya kuhamia Uturuki, aliinua kilo 190 kwa mikupuo miwili huko Seoul mwaka 1988, akiwa kwenye daraja la kilo 60. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya uzito wake. Mfumo wa Abadjiev ulijulikana kwa uchache wa mazoezi yake, yaleyale siku nenda siku rudi. Ulichafuliwa pia na dawa, kiasi kwamba timu ya Bulgaria ilijiondoa kwenye mashindano hayohayo ya Seoul, na suala la dawa nitalifikia. Lakini ingekuwa kweli kwamba mwili ukilizoea zoezi unagoma kukua, wanamichezo hawa wangekuwa wamegoma kabla ya kubalehe.

Imani hii basi ilitoka wapi? Mtu aliyeieneza kuliko wengine ni Joe Weider wa Montreal, aliyeanzisha jarida lake la kwanza mwaka 1940 na shindano la Mr. Olympia mwaka 1965. Alikusanya mbinu za watunisha misuli wa zama zake akaziita kanuni zake, na kuchanganya misuli ilikuwa mojawapo. Weider alikuwa mfanyabiashara wa majarida na virutubisho. Jarida la mwezi huu haliwezi kuandika kwamba endelea na skwati ileile ya mwezi uliopita ukiongeza kilo moja. Litanunuliwa na nani? Lazima liwe na zoezi jipya, siri mpya, picha mpya. Leo kazi hiyo inafanywa na video za simu, na mwenye video anahitaji kitu kipya kila siku. Kijana wa Temeke anapangiwa mazoezi kwa haja ya mtu anayetafuta watazamaji.

Sasa nirudi kwenye swali lenyewe, kwa sababu kukwama kupo kweli. Kwa nini kilo hazipandi?

Sababu ya kwanza ni hesabu, na sijui kwa nini haizungumzwi. Jimu nyingi za mtaani pleti ndogo kuliko zote ni ya kilo 2.5. Ukiweka moja kila upande, umeongeza kilo 5. Kwa anayepiga benchi kilo 40, hilo ni ongezeko la asilimia 12.5 kwa siku moja. Dambeli ni balaa zaidi: kutoka kilo 10 kwenda 12.5 ni robo nzima. Hakuna msuli unaokua kwa robo ndani ya wiki. Kijana anajaribu, chuma kinamlalia kifuani, wenzake wanamtoa, na hukumu inatoka kwamba mwili umezoea. Aliambiwa apande ngazi yenye urefu wa magoti mawili, akashindwa, akaambiwa tatizo ni miguu yake.

Kwenye jimu za uani hali ni ngumu kuliko hapo. Vyuma ni ekseli za magari, gia kuukuu, na mikebe ya rangi iliyojazwa saruji. Nimeona chuma kinachoitwa "arobaini" ambacho hakuna aliyewahi kukiweka kwenye mizani, na upande mmoja unaonekana kwa macho kuwa mzito kuliko wa pili. Sizidharau jimu hizi hata kidogo. Zimejenga wanaume wenye nguvu kuliko wengi wanaolipia kiyoyozi. Ila mwenye jimu ana deni moja: abebe vyuma vyake siku moja hadi kwa mnunuzi wa chuma chakavu, avipime kwenye mizani yake, na aandike kilo halisi kwa rangi. Bila hiyo, anayesema ameongeza na anayesema amekwama wote wanabahatisha.

Hatua ndogo nazo zinapatikana bila fedha. Chupa ya maji ya nusu lita ikijaa maji ina kilo nusu. Ifunge moja kila upande wa chuma kwa mpira wa baiskeli, kaza isiyumbe, umeongeza kilo moja. Ukizijaza mchanga zinakuwa nzito zaidi, kwa hiyo zipime. Na kwa asiyetaka chupa, kuna njia ya marudio. Baki na kilo 40. Kama leo unapata seti tatu za marudio nane, wiki ijayo tafuta tisa, inayofuata kumi, hadi seti zote tatu zifike kumi na mbili. Hapo weka zile kilo 5 na urudi kwenye nane. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 ulilinganisha watu walioongeza uzito na walioongeza marudio kwa wiki nane, na misuli yao ilikua kwa kiasi kinachokaribiana. Msuli hauhesabu kilo. Unachojali ni seti kuishia karibu na mahali pa kushindwa.

Haya yote yanadai daftari, na daftari ndilo silioni. Muulize kijana aliyekwama: wiki tatu zilizopita ulipiga kilo ngapi, mara ngapi? Anatazama dari. Hawezi kujua kama amekwama, maana hajui alikuwa wapi. Wengi wanaolalamika hawajakwama kabisa. Wanapanda kwa mwendo wa kawaida wa mtu aliyekwisha kuuacha uanafunzi, na hakuna aliyewaambia kwamba mwendo huo ni wa polepole. Fanya hesabu: kilo moja kila wiki kwa miaka mitano ni kilo 260 juu ya ulizoanza nazo. Ingewezekana, kila mpiga benchi wa Kinondoni angekuwa bingwa wa dunia. Mwaka wa tatu wa mazoezi, kilo tano mpya kwenye benchi ni mavuno mazuri, na anayeyaita kukwama anajiibia mwenyewe.

Sababu ya pili ni kuzidisha kazi. Kuna siku za kifua zinazochukua saa mbili, seti ishirini na tano, na anayetoka akiwa hawezi kuinua mkono kuchana nywele ndiye anayesifiwa. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyewatibu askari majeruhi kwa vyuma huko Chicago miaka ya 1940, alianza hivyohivyo, akiwapa seti saba hadi kumi za marudio kumi. Mwaka 1948, akiandika na mwenzake Watkins, alikuwa ameshapunguza hadi tatu, kwa sababu aliona idadi ile ilikuwa kubwa mno. Mtu aliyekuwa na wagonjwa wa kupimwa kila wiki alijirekebisha ndani ya miaka michache. Sisi hatuna haraka hiyo.

Maumivu ya kesho yake nayo yasikudanganye. Kubadilisha zoezi kunaumiza mwili, na maumivu hayo yanachukuliwa kama risiti ya kukua. Damas na wenzake waliligusa hili pia, mwaka 2016, kwa kuwafuatilia wanaume kumi kwa wiki kumi. Baada ya siku ya kwanza ya mazoezi, utengenezaji wa protini kwenye misuli ulipanda sana, lakini nyingi ilikwenda kukarabati uharibifu. Uharibifu ulipopungua wiki za baadaye, ndipo protini ilipoendana na ukuaji wenyewe. Maana yake anayebadilisha kila wiki ili aumwe anaulazimisha mwili kukarabati nyumba ileile bila kuongeza chumba.

Wengine wanaogopa kupumzika kana kwamba misuli ni maziwa yatakayoganda. Huko Japani, Ogasawara na wenzake walilinganisha makundi mawili kwa wiki 24: moja lilipiga benchi bila kusimama, la pili lilisimama kabisa kwa wiki tatu kila baada ya wiki sita. Mwisho wa safari walikuwa karibu sawa kwa nguvu na kwa unene. Ndugu zetu wa pwani wanaoingiwa na hofu kila Ramadhani wasikie na hili: katika utafiti wa Bickel wa mwaka 2011, vijana waliojenga misuli kwa wiki 16 walipunguziwa kazi hadi sehemu moja ya tisa, siku moja tu kwa wiki, na misuli yao haikupungua kwa wiki 32. Mwezi mmoja wa kufunga, ukiwa na vipindi viwili vifupi kwa wiki baada ya futari, hauharibu kitu.

Nimekuja kwenye chakula na usingizi, na hapa nina hasira, kwa sababu ndipo umaskini unapogeuzwa kuwa kosa la mwili. Kijana anaendesha bodaboda tangu alfajiri, au anabeba magunia sokoni, au analinda geti usiku kucha. Analala kwa saa tano tu. Anakula ugali mkubwa mara mbili na mchuzi mwepesi. Halafu anaambiwa misuli yake inahitaji kushtuliwa. Mwaka 2011 Leproult na Van Cauter wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana kumi wenye afya kwa saa tano tu kila usiku kwa muda wa wiki moja. Homoni yao ya testosteroni wakati wa mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wiki moja tu.

Kuhusu protini, uchambuzi mkubwa wa Morton wa mwaka 2018, uliokusanya tafiti 49, ulionyesha faida inaendelea hadi karibu gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji kama gramu 96. Yai moja lina gramu sita hivi. Maharage yaliyopikwa, gramu mia zina nane au tisa. Dagaa wakavu ndio utajiri tuliopewa tusiujue: zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Fungu la dagaa, maharage, mayai mawili na karanga vitamfikisha kijana mbali kuliko kopo la unga lenye picha ya simba, ambalo bei yake ingemlisha wiki kadhaa. Kocha anayeuza kopo hilo kaunta bila kumuuliza mwanafunzi amekula nini jana anafanya biashara, hafundishi.

Na baada ya kopo kuna sindano. Ndiyo sababu silichukulii suala hili kama ubishi wa wapenda vyuma. Kijana ameshtua misuli kwa mazoezi kumi na mawili, amenunua unga, bado kilo 60. Anabaki na wazo moja tu: mwili wangu mbovu. Na pembeni yuko kaka mmoja mwenye mabega makubwa anayemwambia kuna kitu cha kusaidia.

Utafiti wa Bhasin wa mwaka 1996 unastahili kubandikwa kwenye ukuta wa kila jimu. Wanaume walichomwa miligramu 600 za testosteroni kila wiki kwa wiki kumi. Waliochomwa wakakaa bila mazoezi waliongeza kilo 3.2 za mwili usio mafuta. Waliopiga vyuma bila dawa waliongeza kama kilo 2. Aliyekaa kitini na sindano alimshinda aliyetoka jasho. Kwa hiyo unapofuata ratiba ya mtu anayejichoma, hujui kama mkono ule umetokana na ratiba au na chupa ndogo iliyofichwa kwenye begi, na yeye mwenyewe hajui. Kinachofahamika ni bei yake: mwili unaacha kutengeneza homoni yake, korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua hata mtu akashindwa kupata mtoto, moyo unaumia. Akiacha dawa anaweza kukaa miezi mingi bila homoni za kutosha, na misuli inaondoka.

Kocha mwenye nia njema afanye hivi na kijana aliyekwama kwenye benchi la kilo 60 na kushindwa kwenye rudio la sita. Wiki ya kwanza ampumzishe: kilo 50, seti mbili za nane, basi. Wiki ya pili kilo 55, seti tatu za nane, mara mbili kwa wiki, na kila kitu kiandikwe. Kila wiki waongeze rudio moja hadi seti zote zifike kumi na mbili, yaani wiki ya sita. Wiki ya saba warudi kwenye kilo 60, watafute nane. Wiki ya nane wafunge zile chupa mbili. Zikigoma, kijana apande kwenye mizani. Akikuta uzito wake haujaongezeka hata kilo moja tangu waanze, aongezewe maharage mchana, dagaa jioni na saa moja ya kulala, na benchi libaki lilelile.